Kijana wa Kofia Nyekundu

Jumatatu, 3 Juni 2019

Mvua. Nyasi zimefika kiunoni na hakuna wa kuzikata. Ukizikata mvua ikazinyeshea, zinaoza. Ukizifunga marobota zikiwa na unyevu, zinapata joto ndani ya ghala hadi zinawaka moto zenyewe. Haya nimeyajua baada ya kuolewa huku. Nilipokuwa msichana Brooklyn nilidhani nyasi huota zikiwa zimeshafungwa kamba. Alden, mume wangu, anasimama dirishani, anatazama kilima, anasema, "Hm." Hiyo ndiyo hotuba yake ya asubuhi. Jioni anairudia.

Gail Decker, mwenyekiti wa kamati, ameingia jikoni na matope yake bila kubisha hodi. Mwaka huu Tamasha la Sorrel Hill linatimiza miaka hamsini. Letu silo lile kubwa linalojulikana dunia nzima. Letu lilikuwa dogo, siku mbili tu za Julai 1969, katika malisho ya Verna Tompkins, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyekubali kukodisha shamba kwa sababu paa la ghala lilikuwa linavuja. Vijana wakaja na magitaa, mvua ikaja bila kualikwa, mnara wa spika ukaanguka. Ukaniangukia mimi.

"Jumamosi ya tarehe ishirini na saba Julai, ukumbi wa zimamoto," Gail akasema. "Kuku wa kuchoma, bendi, halafu wewe unasimulia. Kisha tunamwita Alden mbele. Tumemchongea benchi, Roz! Limeandikwa Kijana wa Kofia Nyekundu."

"Alden hapandi jukwaani."

"Mwaka huu atapanda. Nitamkokota kwa trekta."

Niligeuka nimwone Alden anasemaje, nikakuta kiti kitupu. Ameenda kuangalia kitu ghalani. Ng'ombe tuliwauza miaka sita iliyopita, sijui huko huwa anaangalia nini.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua tena. "Hm."

Jumamosi, 15 Juni

Leo nimesimulia kwenye maktaba ya mjini, kama kujinoa. Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi mno, najua hata pa kunyamaza ili watu wavute pumzi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dhoruba ilipiga Jumamosi alasiri, mnara ukayumba, boriti moja ikanipiga mguu, mfupa ukavunjika chini ya goti. Wenzangu walikimbia. Nililala kwenye matope, macho yamejaa udongo, nikasema basi, nakufa shambani kwa watu bila mama yangu kujua. Ndipo kijana mmoja akaniinua. Sikuuona uso wake, matope yalikuwa yamempaka kama yalivyonipaka mimi. Niliona kofia tu, nyekundu, ya kiwanda cha chakula cha mifugo, ukingoni ina tundu la kuungua lenye umbo la haragwe. Akanilaza juu ya ule ubao ambao wakulima wa huku hukokotea mawe, jirani Clayton Decker akauvuta kwa trekta, na yule kijana akatembea pembeni yangu akinishika mkono njia nzima. "Usilale, dada," akaniambia. "Hesabu ng'ombe wale pale kilimani. Ukikosea unaanza upya." Nilikosea kila mara. Wakanipakia kwenye gari la wagonjwa, nikaishia kurudishwa Brooklyn, hata jina lake sikulijua.

Mguu ulichukua muda kupona. Mei iliyofuata nilipanda basi na keki ya asali mapajani nikaja kumshukuru. Mlango alifungua Verna. Nikamwuliza, kijana wa kofia nyekundu yupo? Akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kidole zizini. Nikaenda nikichechemea. Palikuwa na kijana anakamua, kofia nyekundu kichwani, tundu la haragwe ukingoni. Nikamrukia shingoni nikalia. Nimekaa huku tangu siku hiyo.

Watu walipiga makofi. Bibi mmoja akafuta machozi. Alden alikuwa nje, anaangalia matairi ya gari.

"Mume wako mnyenyekevu sana," yule bibi akaniambia.

"Tena sana," nikasema. Niliona fahari.

Jumatano, 19 Juni

Nusu siku ya jua, kisha radi. Kofia ipo kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Gail anaitaka aiweke kwenye kabati la kioo. Alden amekataa, tena kwa neno zima: "Hapana."

Jumamosi, 22 Juni

Gail amepiga simu anapiga kelele. Ameletewa filamu! Filamu ya kweli ya mwaka 1969, ya mwanafunzi mmoja aliyekuja na kamera yake. Iliachwa ukumbini ndani ya sanduku la vichujio vya maziwa, maktaba imeisafisha, na mle ndani kuna mimi.

"Kuna wewe kwenye ule ubao, Roz! Kuna Alden na kofia yake! Njoo kesho baada ya kanisa uione kabla ya watu. Alden usimwambie, tunataka tumshtue."

Sijawahi kujiona siku ile. Nimepiga pasi blauzi, utadhani naenda kukutana na mtu.

Jumapili, 23 Juni

Sijui niandike vipi.

Ukumbi ulikuwa mtupu, mimi na Gail tu, na harufu ya mafuta ya magari ya zimamoto. Alitundika shuka ukutani. Filamu haina sauti. Mwanzo ni miguu ya watu, mbwa, msichana anacheza na mwavuli. Halafu mvua. Halafu watu wanakimbia, na kamera nayo inakimbia. Halafu nikajiona. Ni mimi, mwembamba, nimelala kwenye ubao wa mawe kama samaki aliyevuliwa, mdomo wazi. Gail alinifinya mkono. Clayton yuko kwenye trekta. Na pembeni yangu anatembea kijana wa kofia nyekundu, kanishika mkono, midomo yake inasema kitu. Nilijua anasema nini. Nililia pale pale, kwa furaha, naandika ili nisisahau kuwa ilikuwa furaha.

Kisha mvua ikazidi. Ikawa inammiminikia usoni, matope yakaanza kuteremka. Akavua kofia, akajipangusa kwa mkono, akamwona mwenye kamera, akacheka.

Si Alden.

Ule uso naujua kuliko ninavyojua uso wa mama yangu. Huo uso uko kwenye fremu sebuleni, ndani ya sare ya jeshi, na mimi ndiye ninayeupangusa vumbi kila Ijumaa tangu nilipoolewa. Ni Royce. Mdogo wake Alden. Aliyeuawa Vietnam Februari 1970, ambaye katika nyumba ya Verna jina lake halikutajwa mezani wala barazani wala popote. Nilijua Royce alikufa vitani. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa Royce alikuwa malishoni siku ile.

"Unaona?" Gail alikuwa anasema. "Mzee wako alikuwa mtanashati!" Gail alikuwa mtoto mdogo wakati ule, Royce hamkumbuki. Ameona kofia, ameona Tompkins, basi.

Nikasema kichwa kinaniuma. Nikaendesha gari hadi nyumbani sijui kwa njia gani. Alden alikuwa jikoni anamenya viazi, kajifungia aproni yangu kifuani. "Umechelewa," akasema. Nikamtazama mdomo, pua, masikio. Nilikuwa namtafuta mtu mwingine humo.

Sikuwahi kumwuliza. Hilo ndilo linalonichoma. Siku ile zizini sikumwuliza "ni wewe?" Niliona kofia nikaruka. Na yeye hakusema ndiyo. Alisema, "Naona mguu umepona." Ndiyo hayo tu. Na mimi nikayala hayo maisha yangu yote.

Jumatatu, 24 Juni

Mvua. Sikuweza kula.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda kwa Clayton Decker, kaka yake Gail, mwenye trekta. Nilimkuta amepiga magoti anapalilia vitunguu, mzee mwenye magoti mabovu kama yeye. Sikumsalimia hata.

"Clayton. Aliyenishika mkono siku ile ni nani?"

Akaacha kupalilia. Akaniangalia, akaangalia vitunguu, akaniangalia tena.

"Royce," akasema. Hivyo hivyo, kana kwamba nimemwuliza leo ni siku gani.

"Na wewe ulijua muda wote?"

"Roz, bonde zima linajua."

Nilikaa chini kwenye tope na sketi yangu nzuri. Bonde zima! Mchungaji, marehemu daktari, mama wa posta, wote walionisikiliza kila mwaka nikitoa machozi kwenye kipaza sauti. Wote walipiga makofi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mwanzo tulidhani Alden kakwambia. Kisha tukadhani Verna kakwambia. Kisha mkazaa." Akakuna kidevu na udongo wake. "Mambo ya ndani ya nyumba ya mtu hatuingilii, shemeji. Tungekwambia ili iweje?"

"Ili nijue, Clayton! Ili nijue ni nani!"

"Haya. Sasa umejua." Akasema kwa upole, siyo kwa kunikejeli. Akanipa mkono niinuke, na kitunguu kimoja cha kwenda nacho. Nilikichukua. Sijui kwa nini nilikichukua.

Ijumaa, 28 Juni

Siku ya kupangusa vumbi. Nimefika kwenye fremu nikashindwa kuigusa. Nimempita. Kisha nikarudi nikasema, kwa sauti, sebuleni peke yangu, "Samahani, Royce."

Jumatatu, 1 Julai

Nalala kitanda kimoja na mtu nisiyemjua na anakoroma kama yule ninayemjua.

Nimewaza sana habari ya kofia. Kwetu Brooklyn, mtu akifa vitu vyake havivaliwi na wa nyumbani. Bibi yangu alipokufa mama alivifunga vyote, viatu ndio kabisa, vikatoka nje kabla ya jioni. Kuvaa kitu cha marehemu ni kumwita aje akufuate. Kwa hiyo nilipoona kofia kichwani mwa mtu aliye hai, ilikuwa ni ya mtu huyo, akili yangu haikuwa na njia nyingine ya kupita. Huku kwao hakitupwi kitu. Baba akifa, Jumatatu mtoto anavaa buti zake aende kukamua. Koti la Alden la baridi lilikuwa la mjomba, saa ilikuwa ya babu. Nimeyajua haya miaka chungu nzima, nikayacheka, nikayashona viraka, na hata siku moja sikuitazama ile kofia pale msumarini nikajiuliza ilikuwa ya nani.

Alden ameniuliza kama naumwa. Nikasema ni hali ya hewa. "Hm," akasema. Nilitaka kumrushia sufuria.

Alhamisi, 4 Julai

Fataki za sikukuu ya uhuru zimeahirishwa, mvua. Nimetia chumvi mara mbili kwenye saladi ya viazi, makusudi. Ameimaliza yote na kusema nzuri. Mtu gani huyu? Mtu anayeweza kumeza chumvi kiasi kile na kunyamaza anaweza kumeza chochote.

Jumanne, 9 Julai

Hasira imegeuka, sasa ni hofu. Filamu itaonyeshwa mbele ya watu wote, na baada yake wanamwita Alden akalie benchi lililoandikwa sifa ya ndugu yake. Wazee watamtazama. Watakaomkumbuka Royce watajua kuwa mimi nimejua. Na yeye, ana miaka sabini na moja na moyo wenye kifaa ndani yake, atauona uso wa mdogo wake ukutani kwa ghafla, anacheka, mbele ya kuku wa kuchoma. Itamuua. Nina hasira naye lakini sitaki imuue. Nataka kumuua mwenyewe, kwa wakati wangu.

Nimekwenda kwa Gail. "Ile filamu usiionyeshe."

"Umerogwa? Filamu ndiyo sherehe yenyewe!"

"Basi kata kile kipande cha mwisho, anapovua kofia."

"Roz, siwezi. Aliyeileta kanipa sharti. Ionyeshwe yote, hasa mwisho, na yeye nisimtaje. Nimemwapia."

"Nani?"

"Nimeapa, mwanamke! Ningekutajia ingekuwa nimeapa?"

Nimemfikiria Clayton. Kumbe anajifanya kupalilia vitunguu ilhali anatuchimbia.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwendea Clayton nikamtolea maneno yote niliyonayo na mengine ya Brooklyn ambayo sikujua bado ninayo. Akaniacha nimalize. "Mimi filamu? Mimi hata redio yangu imekufa tangu mwaka juzi," akasema. Namwamini. Basi ni nani?

Jumatatu, 15 Julai

Mvua.

Jumamosi, 20 Julai

Mvua. Nyasi zimeanza kulala. Jirani wa juu amepoteza ukataji mzima. Alden sasa hata "Hm" hasemi. Anaamka, anaenda ghalani, anarudi. Leo nilimfuata nyuma pole pole nione anaangalia nini huko. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katika nafasi ya ng'ombe wa mwisho, mikono juu ya magoti. Hakuwa anafanya lolote. Nilirudi kabla hajaniona.

Alhamisi, 25 Julai

Jua! Redio imesema siku tatu kavu, za kwanza tangu Mei. Bonde zima linanguruma kwa trekta. Alden amekata nyasi zote za kilimani. Maana yake zitakuwa tayari kufungwa Jumamosi, siku ya sherehe, na Jumamosi jioni mvua inarudi.

"Utakuja ukumbini?" nikamwuliza.

"Nyasi zikiruhusu."

Nilimshukuru Mungu kwa nyasi. Nikaomba zisimruhusu.

Jumamosi, 27 Julai

Naandika jikoni, bado nimevaa blauzi ya sherehe, ina mabaki ya nyasi kila mahali.

Saa nane mchana ukumbi ulijaa. Watu wenye mvi na mashati ya maua waliotoka mbali, wanakumbatiana na kuulizana kama walikuwepo kweli au walisikia tu. Moshi wa kuku ulikuwa unaingia mlangoni. Wazee wa bonde walikaa nyuma kama kawaida yao. Alden hakuwepo. Kupitia dirishani nilisikia mashine yake ya kufungia nyasi kwa mbali, puh, puh, puh, na kila ikilia nilipumua.

Nilikuwa nimekata shauri. Nitasimulia kama siku zote, Kijana wa Kofia Nyekundu ni mume wangu, basi. Filamu ikija nitajidai nimezimia, kwa umri wangu hakuna atakayebisha. Royce, utanisamehe, wewe umekufa na huyu yupo.

Gail alinipa kipaza sauti. Nikaanza: "Nilikuwa na miaka kumi na tisa." Ndipo nikagundua kuwa dirishani hakuna sauti tena. Mashine imenyamaza.

Alden akaingia. Ana nyasi kwenye nyusi, jasho hadi kwenye mkanda, kofia nyekundu mkononi. Watu wakaanza kumpigia makofi, yeye akawa anapunga mkono chini, chini, kama anayewatuliza ng'ombe. Akaja moja kwa moja hadi mbele. Mtu ambaye kwenye harusi yetu alisema maneno mawili tu, tena alipewa na mchungaji. Akanichukulia kipaza sauti mkononi.

"Asisimulie kwanza," akasema. "Gail, weka filamu."

"Alden," nikamnong'oneza, "usiitazame. Twende nje. Tafadhali, twende."

Akanitazama, akaona usoni mwangu kitu. Sijui alisoma nini. Hakutoka.

Taa zikazimwa. Miguu, mbwa, mwavuli. Mvua. Mimi kwenye ubao. Watu wakashangilia. Kijana akavua kofia, akajipangusa, akacheka. Gail akasimamisha picha hapo hapo, kumbe alikuwa ameambiwa aisimamishe. Royce akabaki ukutani, mkubwa kuliko mlango, anatucheka.

"Huyo ni mdogo wangu, Royce," Alden akasema. "Ndiye aliyembeba. Mimi siku ile nilikuwa zizini nakamua. Royce alikuwa ameshaitwa jeshini, alibakiza wiki moja. Alitaka kusikia muziki. Nikamwambia nenda, ng'ombe wako nitakukamulia. Mimi sikufika malishoni kabisa. Benchi lenu siwezi kulikalia."

Huko nyuma Clayton alikuwa amevua kofia yake, na wazee waliokaa naye wakavua zao, mmoja mmoja.

"Filamu nimeileta mimi," Alden akaendelea. "Niliikuta kwenye chumba cha maziwa tulipouza ng'ombe. Yule mwanafunzi alimpelekea mama, mama akaificha nyuma ya vichujio. Sina mashine ya kuionyesha. Niliiinua kwenye balbu nikamwona." Kisha akanigeukia, akasahau kuwa bado ameshika kipaza sauti, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia: "Roz, nilitaka kukwambia kesho yake. Ulikuja ukanirukia, na tangu tumzike Royce hakuna aliyenigusa hata bega. Nikasema acha, nitamwambia kesho. Kila siku nilikuwa nasema kesho."

Akaweka kipaza sauti mezani, kando ya saladi ya kabichi, akatoka.

Mwezi mzima nilikuwa nikimlinda asiuone ule uso, kumbe ameutazama kwenye balbu kwa miaka sita. Mwezi mzima nilikuwa nikitafuta mwovu aliyeleta filamu. Yule mwovu nilikuwa nimempikia chai asubuhi.

Nilimkuta kwenye gari, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Nikaingia nikafunga mlango kwa nguvu zote.

"Nilijua," nikasema. "Tangu Juni."

Akageuka kama aliyepigwa kofi. "Ndiyo maana ile saladi?"

"Ndiyo maana ile saladi."

Kisha nikamwuliza lililokuwa likinisumbua. "Royce alijua nilipona?"

Nilijua ni baya kabla Alden hajafungua mdomo.

"Alipiga simu mara mbili kutoka kambini, kabla hawajawapeleka. Mara zote mbili aliuliza. Yule msichana wa matope amekuja? Amepona? Nikamwambia bado hajaja. Akasema, akija mpeni maziwa, alihesabu ng'ombe vibaya sana."

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Alikuwa ananingoja. Nilikuwa Brooklyn, mguu umeshapona tangu Desemba, nasubiri baridi ipungue ndipo nipande basi. Nilifika Mei. Hakuna mtu duniani niliyetaka kumshukuru kama yule, na nilikuwa nampangusa vumbi kila wiki kama kabati.

Wingu likatokea juu ya kilima. Marobota yalikuwa bado nje. Tulienda tukayabeba, mimi na blauzi yangu, Clayton akaja, Gail akaja, wenye mashati ya maua wakaja na magoti yao mabovu. La mwisho liliingia ghalani tone la kwanza likidondoka.

Nimemwambia alale chumba cha wageni. Ameenda bila kubisha, ameshika mto wake.

Jumapili, 28 Julai

Mvua imepita, jua kali la kuunguza.

Nimeoka keki ya asali. Ile ile, ya mama. Kipande cha kwanza nimekipeleka makaburini. Jiwe lake nimelipita kila mwaka siku ya kuwakumbuka askari, nikaweka ua kwa adabu kama shemeji asiyemjua. Leo nilikaa chini kwenye majani, nikamwambia kila kitu, mguu, basi, baridi ya Desemba, zizi. Nikamwambia asante. Ilitoka ndogo sana. Nikairudia kwa sauti kubwa, mpaka ndege wakaruka.

Alden alibaki langoni, mikono nyuma, hajui kama anaruhusiwa. Nikamwita kwa kichwa. Alikuja akaiweka ile kofia nyekundu juu ya jiwe, akapiga hatua nyuma. Akasimama hapo juani, kichwa wazi, machozi yanateremka na hayafuti.

Kwetu vitu vya marehemu havivaliwi. Mama yangu angenikemea. Niliiokota kofia, nikaipangusa vumbi kama nilivyozoea, nikamvika mwenyewe kwa mikono yangu, nikaivuta mpaka ikakaa sawa masikioni.

Sijamsamehe. Lakini jua lilikuwa kali, na mzee wangu hana nywele.